Baba alipiga ala nyingi: tumwandike kwa ipi?

SWALI: Assalaam aleikum, Mzee. Marehemu baba yangu alikuwa mpigaji muziki hapa Lamu tangu ujana wake hadi vidole viliposhindwa. Kwenye taarabu alipiga udi, kodiani na dumbaki. Ngomani alipuliza nzumari. Harusini alibeba tarumbeta la beni. Na mwezi wa Mfungo Sita ukiandama alikuwa safuni na twari lake, ngoma ndogo ya mkono ya maulidi. Ametuachia sanduku la kaseti, nyingi hazina hata jina. Nataka kuandika habari zake wajukuu wamjue, lakini kila ninayemuuliza ananipa baba mwingine: huyu wa nzumari tu, yule wa udi. Na kaka yangu mkubwa anasema muziki wa marehemu uachwe. Nifanyeje?
Binti wa Langoni, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Mola amrehemu mzee wako.

Usihangaike kuwapatanisha mashahidi wako, wote wanasema kweli. Mpigaji wa mji mdogo hakuchagua ala, alikula kwa ile iliyotakiwa usiku ule. Kwa hivyo mwandike kwa ala, si kwa miaka. Nzumari ni ya uwanjani, watu wamesimama, na mpulizaji hakati sauti: huvuta pumzi puani huku mashavu yakisukuma hewa. Udi ni wa watu walioketi, na mtunzi wa shairi huenda yumo humo humo, ametega sikio aone kama beti zake zimeharibiwa. (Hawa ndio wakali kuliko bwana harusi.)

Kwa kila ala uliza: nani alimfundisha? Ilikuwa yake au ya chama? Tuzo, zile pesa walizotunzwa, ziligawanywa vipi? Na kodiani aliiacha lini? Sitashangaa ukiambiwa ni pale kinanda cha umeme kilipoingia kwenye taarabu, maana kiliwaweka kando wengi. Waulize pia wanawake waliocheza vugo, ngoma yao ya harusini, enzi zake. Wanaume watakusimulia nani alipotea katikati ya wimbo. Wanawake watakuimbia wimbo mzima.

Lakini kaseti kwanza, kalamu baadaye. Hewa yetu ya pwani huotesha ukungu kwenye utepe, na redio mbovu itautafuna. Vunja vile vijino viwili vya juu ya kaseti ili mtu asirekodi juu yake. Angalia kipande kidogo cha sufi nyuma ya utepe. Kikidondoka, sauti hufifia. Safisha kichwa cha redio kwa pamba na spiriti, kisha unganisha waya kwenye kompyuta. Njia ya mkato hakuna: kaseti ya dakika 60 huchukua dakika 30 kila upande. Hifadhi kwa WAV, faili la sauti kamili, na nakala ndogo za MP3 wape binamu zako. Namba ya kaseti iwe ndiyo namba ya faili. Inapopigwa, keti na mpigaji aliyepiga pamoja na marehemu, simu yako ikimrekodi. Atamtambua mpigaji wa fidla kabla hujamuuliza.

Kabla ya kuweka chochote intaneti, jua kwamba wimbo huwa na wenyewe wengi. Hata Zein l'Abdin, mwimbaji wa taarabu mzaliwa wa Lamu, aliimba mashairi ya mshairi Ahmed Sheikh Nabhany. Kwa sheria ya Kenya, hakimiliki ya mtunzi hudumu miaka 50 baada ya kufa kwake, basi waombe ruhusa warithi wa watunzi.

Kuhusu kaka yako, usibishane naye. Kuhifadhi kaseti si kumpigia muziki sebuleni kwake. Mimi ningemwachia sura ya maulidi aisimulie yeye: baba alianza twari lini, alikaa upande gani wa safu, alimfundisha nani. Andika kwa maneno yake, umsomee, na akitaka kufuta neno, lifute. Hayo ya udi na kodiani atayasikia kwa wengine.