Umepewa tena uhausigeli? Msome Hattie McDaniel kwanza

Juzi mdogo wangu mmoja kanifuata inboksi, kapata nafasi kwenye tamthilia ila ni hausigeli tena, anauliza akatae? Nikacheka. Mimi nimefagia vibaraza vya watu kwenye kamera miaka na miaka, mpaka leo kuna ndugu zangu tukikutana harusini wananiita "dada lete maji", eti utani.

Sasa sikia. Hattie McDaniel, mwigizaji mweusi wa Marekani, baba yake alizaliwa mtumwa. Alishaimba redioni na kuchekesha jukwaani, halafu uchumi ukaanguka 1929 akajikuta Milwaukee anahudumia chooni kwenye klabu, hadi alipoachiwa apande kuimba. Hollywood nako wakamvisha aproni, filamu baada ya filamu. Ila mwangalie kwenye Gone with the Wind (1939), anamkaza Scarlett, binti wa bosi wake, kamba za gauni huku anamgombeza ale nyumbani kabla ya kwenda shereheni, we mwenyewe utasema nani bosi pale ndani!

Uzinduzi ulifanyika Atlanta, yeye hakuwepo sababu ya ubaguzi. Februari 29, 1940 akawa mtu mweusi wa kwanza kushinda Oscar, na usiku huohuo alikalishwa meza ya pembeni ukutani, mbali na wenzake, maana hoteli yenyewe haikuwa ikipokea weusi. Baada ya tuzo? Aproni tena. Na weusi wenzake nao wakamsema, NAACP, chama cha kutetea haki za weusi Marekani, wakiongozwa na Walter White walitaka waigizaji waachane na hizo nafasi za utumishi. Walikuwa na hoja, sibishi, ila anayekusema huwa hakulipii kodi.

Hela ya aproni ndo ilimpa nyumba mtaa wa Sugar Hill, Los Angeles. Majirani wazungu wakaenda mahakamani weusi wafukuzwe mtaani, Hattie na wenzie wakapambana, 1945 wazungu wakashindwa. Hapo ndo namuelewa kabisa, mimi mwenyewe kiwanja changu Chanika kimetokana na ufagio na waliokuwa wananicheka bado wamepanga.

Kwa hiyo mdogo wangu chukua, igiza mpaka dairekta akuongezee sini, tena igiza kwelikweli usilipue. Ila kabla hujafunga kanga uliza malipo ni kwa siku au kwa episodi, na waandike, maana hii habari ya "tutaangaliana mbele" mimi nilishaambiwa na hela mpaka leo sijaiona.