Kasri gani kwa siku moja Seoul?
Dada, umeuliza uchague Gyeongbokgung au Changdeokgung kwa siku moja. Nenda Changdeokgung. Gyeongbokgung ni kubwa zaidi na ya zamani zaidi, ya 1395, lakini Changdeokgung ina Huwon, bustani ya nyuma waliyopumzikia wafalme: bwawa la Buyongji, vibanda vya mbao, miti mikubwa. Mahali pazuri mno! Bustani ina tiketi yake mbali na ya kasri, na nafasi huisha upesi majani yakianza kugeuka rangi, kwa hiyo kata mapema. Ukivaa hanbok, vazi la jadi la Wakorea, kasri unaingia bure. Shukia stesheni ya Anguk, utembee kidogo tu. Jumatatu usiende, hufungwa. Gyeongbokgung hufungwa Jumanne.