Sukari ya mama kushuka tena baada ya soda

Pole dada, umeuliza kwa nini sukari ya mama yako mwenye kisukari imeshuka tena. Mama kupata nafuu kwa soda, kisha kutetemeka na kutoka jasho tena baada ya saa chache, hutokea sana kwa wanaomeza glibenclamide, kidonge cha kisukari cha kushusha sukari. Kidonge hicho huendelea kulichochea kongosho kutoa insulini, inayoshusha sukari, hata kwa saa 24, na figo zikiwa dhaifu hukaa mwilini zaidi. Sukari ya soda imeshaisha, dawa bado ipo.

Kipimo cha sukari kikisoma chini ya 4 (mmol/L), mpe gramu 15 za sukari: vijiko vitatu vya chai vilivyojaa, ukoroge kwenye nusu glasi ya maji, au nusu ya soda ya mililita 300. Isiwe ile isiyo na sukari! Chokoleti na maandazi yana mafuta, yanachelewa kupandisha. Pima tena baada ya dakika 15, ikiwa bado chini rudia. Ikishapanda, ale chakula kabisa, mkate au viazi, na apimwe tena hata saa nane usiku. Hapa ndipo wengi wanaposahau.

Akipoteza fahamu usimnyweshe chochote, kitaingia kwenye mapafu. Mlaze ubavu, mkimbizeni hospitali.

Kwa kuwa sukari imeshuka mara mbili, mpelekeni leo hata kama sasa anaongea vizuri. Wapime figo na waangalie upya dozi kabla hajameza kidonge kingine.