Kubadilisha kigae kimoja kilichopasuka
Kigae kimoja cha sakafu kikipasuka, kinaweza kubadilishwa peke yake bila kubomoa sakafu nzima. Kwanza toa grauti, yaani kijazio cha mianya kati ya vigae, pande zote nne. Ukigonga kabla ya hapo, mtikisiko unahamia vigae vya jirani navyo vinaweza kupasuka. Tindo ianzie katikati kwenda kingoni, si kinyume. Kwangua gundi yote ya zamani, la sivyo kipya kitakaa juu kuliko wenzake. Kwa kigae cha sentimita 60 kwa 60, paka gundi mpya sakafuni kwa mwiko wa meno ya milimita 10, na upake nyembamba mgongoni mwa kigae pia. Yale madonge matano ya gundi ambayo mafundi wengi huweka huacha uwazi chini, na hapo ndipo kinapopasukia. Jaza grauti baada ya saa 24. Ila vya jirani vikigongwa vikalia kama debe tupu, kubadilisha kimoja hakutoshi.