Eagle au KiCad: programu ipi ya kuchora bodi za saketi za elektroniki kwa anayeanza?

Anza na KiCad, ndugu. Ni ya bure, haina kikomo cha ukubwa wa bodi, na Eagle yenyewe, kampuni yake Autodesk walishatangaza tangu 2023 kwamba mwisho wake ni Juni 2026. Ya nini kujifunza kitu kinachofungwa?

Bodi ya kwanza iwe ndogo: chipu ya 555 (ya kupima muda), taa ya LED, betri ya volti 9. Chora saketi kwanza, kisha ndiyo uhamie kwenye bodi. Usikimbilie kuvuta njia za shaba. Muda mwingi utumie kupanga vijenzi, maana vikikaa vizuri njia zinajipanga karibu zenyewe. Kapasita ya nF 100 (nanofaradi), ya kutuliza umeme wa chipu, iwe ubavuni kabisa mwa miguu ya umeme ya chipu, siyo kona ya pili ya bodi. Njia za ishara mm 0.25 zinatosha, za umeme zipanue.

Halafu, kabla ya kutuma mafaili ya Gerber (michoro ya bodi inayotumiwa na kiwanda) kiwandani, chapisha bodi kwenye karatasi kwa ukubwa halisi uweke vijenzi juu yake. Mimi niliruka hatua hiyo, nikapokea bodi tano ambazo soketi haiingii. Zipo kabatini hadi leo.