Maswali ya Wasomaji: Sonata za Rozari na Nyuzi Zilizogeuzwa

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mpiga fidla katika kwaya ya parokia yetu jijini Dar es Salaam. Nilifundishwa na mzee mmoja wa taarab ambaye hakuweka nyuzi zake katika G, D, A na E kama vitabu vinavyoelekeza, bali katika G, D, G na D. Oktoba iliyopita, mwezi wa Rozari, padre alituwekea muziki wa zamani wa Ulaya akasema kwamba mtunzi wake alitunga kipande kwa kila tendo la Rozari, na kwamba karibu kila kipande kina namna yake ya kukaza nyuzi. Nilitafuta noti, nikazipiga, nikapata kelele tupu. Mtunzi huyo ni nani? Mbona matendo yake ni kumi na matano, ilhali sisi tunasali ishirini? Na kosa langu lilikuwa wapi?
Mpiga fidla wa kwaya, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, muziki mliosikilizishwa ni Sonata za Rozari za Heinrich Ignaz Franz Biber, aliyezaliwa mwaka 1644 huko Wartenberg katika Bohemia, mji ambao leo uko Ucheki na unaitwa Stráž pod Ralskem, akafariki Salzburg mwaka 1704. Ujanani alimtumikia Askofu wa Olomouc katika mji wa Kroměříž. Mwaka 1670 askofu huyo alimtuma kuchukua ala kwa fundi mashuhuri wa fidla, Jacob Stainer, huko Absam, naye Biber hakurudi tena, bali aliingia katika utumishi wa Askofu Mkuu wa Salzburg, Max Gandolph von Kuenburg. Huyu ndiye aliyetunukiwa sonata hizi. Zimehifadhiwa katika muswada mmoja wa mkono ulioko Munich, ambao ukurasa wake wa jina umepotea, na jina tunalolitumia leo limetokana na picha ndogo zilizobandikwa mwanzoni mwa kila sonata, kila picha ikionyesha tendo lake: Malaika akimpasha Maria habari, Yesu akizaliwa, Yesu akipigwa mijeledi, na kuendelea mpaka Maria anapowekwa Malkia mbinguni. Zilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1905, zaidi ya miaka mia mbili baada ya mtunzi kuzikwa.

Kuhusu hesabu ya matendo, jibu ni fupi. Matendo ya Mwanga yaliongezwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 2002. Biber alisali Rozari ya zamani yenye Matendo ya Furaha, ya Uchungu na ya Utukufu, matano matano.

Sasa nije kwenye kelele uliyoipata, kwa maana hapo ndipo kilipo kiini cha kazi hii. Noti za Biber hazisemi sauti itakayosikika, bali husema kidole kiwekwe wapi. Mpigaji husoma kana kwamba fidla yake iko katika G, D, A na E, huweka vidole kama alivyozoea, lakini kwa kuwa nyuzi zimekwisha kukazwa au kulegezwa, kinachotoka ni kitu kingine kabisa na jicho lililoko kwenye karatasi halikioni. Chukua Sonata ya kumi, Yesu anakufa Msalabani, ambamo uzi mwembamba umeshushwa toni moja kutoka E hadi D: kila noti iliyoandikwa kwa ajili ya uzi huo itasikika chini zaidi ya ilivyoandikwa. Wewe ulipiga kilichoandikwa kwa fidla isiyoandaliwa, na hapo hata fundi hodari angepata kelele. Wazungu huita mtindo huu skodatura. Katika vipande vyote, ni Sonata ya kwanza tu pamoja na Pasakalia, kipande cha kumi na sita kinachofunga mkusanyiko baada ya sonata kumi na tano, ambazo hupigwa kwa nyuzi za kawaida, na sonata kumi na nne zilizobaki kila moja ina mpangilio wake.

SWALI: Nimesoma jibu hilo kabla halijachapishwa, kwa kuwa mwandishi wa swali ni mwanakwaya wangu. Naomba kuuliza la pili. Mpiga fidla mzuri anaweza kuipata sauti yoyote kwa vidole. Kulikuwa na haja gani ya kuzitesa nyuzi namna hiyo? Je, si ufundi wa kujionyesha tu?
Mwalimu wa kwaya, Dar es Salaam

JIBU: Mwalimu, nakuelewa, na ningekubaliana nawe kama nyuzi zingekuwa mahali pa kuweka vidole tu. Lakini uzi usioguswa nao unaimba. Ukipiga A mahali popote, uzi wa A ulio wazi hutetemeka pamoja nayo bila kuguswa na upinde, na mwili wote wa fidla hung'ara. Katika Sonata ya tano, Maria anapomkuta Yesu hekaluni, nyuzi ziko katika A, E, A na C kali (C iliyopandishwa nusu toni), yaani fidla yenyewe ni mwafaka wa A kabla mpigaji hajafanya lolote, na kila neno la furaha linapata mwitikio kutoka ndani ya mbao. Kisha linakuja tendo la kwanza la Uchungu, Yesu anatoka jasho la damu. Nyuzi mbili nene zimekazwa nusu toni, mbili nyembamba zimelegezwa toni nzima, na zile za wazi hazifanyi tena mwafaka mmoja bali zinagongana zenyewe kwa zenyewe, ingawa zote ni sauti za ufunguo wa C ndogo (C minor) ambamo maombolezo hayo yametungwa. Sauti inatoka imezibwa, kama ya mtu anayelia akiwa amefunika uso. Vidole haviwezi kuleta hali hiyo, kwa sababu haitoki katika noti.

Fuatilia Matendo ya Uchungu moja baada ya jingine, na uangalie ni nyuzi ngapi zinazokazwa kupita kawaida. Katika jasho la damu ni mbili. Katika mijeledi ni mbili pia, lakini ule mnene kuliko zote umepandishwa kutoka G hadi C. Katika taji la miiba ni tatu: uzi wa G umefika D, wa D umefika F, wa A umepanda nusu toni, huku wa nne ukishushwa hadi D, na nyuzi zote nne, ambazo kwa kawaida huenea oktava moja na sauti sita, sasa zimebanwa ndani ya oktava moja tu. Uzi uliopandishwa sauti tano hubeba mvuto wa mara mbili na robo ya ule wa kawaida. Katika kuchukua Msalaba zinarudi kuwa mbili. Yesu anapokufa hakuna hata mmoja uliokazwa, umelegezwa mmoja tu. Siamini kwamba hili limetokea kwa bahati. Mateso hayasimuliwi na fidla kutoka mbali, yanaipata yenyewe, na mpigaji anayasikia chini ya vidole vyake kabla msikilizaji hajayasikia.

Halafu inakuja Sonata ya kumi na moja, Yesu anafufuka, ambayo kwangu ndiyo kilele cha kazi nzima. Nyuzi mbili za katikati hupishanishwa, upande wa vigingi vya kukazia na tena nyuma ya kidaraja kinachoinua nyuzi, hata msalaba mdogo unaonekana kwa macho katika fidla. Zikihesabiwa kutoka uzi mnene, zinasomeka G, G ya juu, D, na D ya juu, ili kidole kimoja kikilalia nyuzi mbili jirani kitoe oktava safi, na kwa namna hiyo wimbo wa kale wa Pasaka, Surrexit Christus hodie, unasikika kwa uzito ambao fidla ya kawaida haina. Hapa naomba mwanakwaya wako asikilize vizuri: sauti hizo nne ndizo zilezile za mzee wake wa taarab, G, D, G na D, ambazo wapigaji wengi wa fidla za Kiarabu huzitumia mpaka leo, ila mbili za kati zimebadilishana mahali.

SWALI: Je, fidla yangu ya kisasa itahimili majaribio haya?
Mpiga fidla yuleyule

JIBU: Usianze na taji la miiba. Nyuzi za enzi ya Biber zilikuwa za utumbo wa kondoo, na wapigaji wa leo huandaa fidla kadhaa kwa onyesho moja ili kila moja ipate muda wa kutulia. Uzi wako wa chuma ukiuvuta kutoka G hadi D unaweza kukatika usoni mwako au kukiinamisha kidaraja. Anza na Sonata ya kumi, kwa kuwa unashusha uzi mmoja tu, kisha ujaribu ya kumi na moja, ambayo nayo haikazi chochote.

Na ukiwa na fidla ya kawaida bila muda wa kugeuza nyuzi, iko Pasakalia, ambayo mpigaji huipiga peke yake bila kinanda. Picha yake ni ya Malaika Mlinzi amemshika mtoto mkono. Chini yake zinashuka noti nne, G, F, E iliyoshushwa nusu toni na D, yaani la, so, fa, mi kwa solfa yenu ya kwaya, nazo zinarudiwa mara 65 bila kukoma huku juu yake sauti nyingine zikitangatanga, zikipanda, zikikimbia na kurudi. Jifunze kwanza hizo nne peke yake, polepole, mpaka mkono uzishike bila kufikiri, ndipo ufungue ukurasa.