Muulize Anayeifanya Kazi Kabla Hujachagua Tahasusi

Kati ya mtihani wa kidato cha nne mwezi Novemba na kuripoti kidato cha tano mwezi Julai kuna miezi mingi, na vijana wengi wa Tabora huimaliza wakisubiri matokeo tu. Huo ndio muda wa kuzungumza na watu walio kazini. TAMISEMI, ofisi ya serikali inayowapangia wanafunzi shule na vyuo, huruhusu kubadilisha machaguo ya tahasusi (mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano) na vyuo baada ya matokeo kutoka, kwa hiyo ulichojaza kwenye selifomu, yaani fomu ya machaguo, shuleni bado kinarekebishika. Kirekebishe ukiwa na taarifa, siyo kwa sababu rafiki yako amebadilisha chake.

Watu wa kuwauliza wapo. Tabora ndipo reli ya kati inapogawanyika, njia moja kwenda Kigoma na nyingine Mwanza. Kuna hospitali ya Kitete, watafiti wa kilimo Tumbi, chuo cha ufugaji nyuki, na makarani na mabwana shamba wa tumbaku upande wa Urambo na Sikonge. Kwa kila kazi unayoifikiria tafuta watu watatu: aliyeanza mwaka mmoja hadi mitatu iliyopita, aliyekaa miaka kumi au zaidi, na aliyeiacha au aliyejiajiri. Wa kwanza anakumbuka njia ya kuingia ilivyo sasa. Wa pili aliingia kwa masharti ambayo huenda hayapo tena, ila anajua kazi inamfikisha mtu wapi. Wa tatu atasema yale ambayo walio ndani huyanyamazia.

Pitia kwa mtu anayewafahamu: shangazi, mwalimu wako wa zamani, wazee wa kanisa au msikiti. Mwombe kwanza ruhusa ya kumtaja, kisha tuma ujumbe mfupi: “Shikamoo mama. Nimemaliza kidato cha nne, namba yako nimepewa na baba mdogo. Nafikiria kusomea maabara, naomba dakika 20 nikuulize kuhusu kazi hiyo, siku utakayokuwa na nafasi. Siombi kazi.” Sentensi ya mwisho usiiache. Asipojibu, mkumbushe mara moja baada ya siku tatu nne, kisha nenda kwa mwingine. Kama ni ofisi ya serikali na humjui mtu, anzia masijala au mapokezi, ueleze shida yako, uulize ni nani wa kukuruhusu.

Kosa linaloharibu mazungumzo mengi ni kuingia na bahasha ya vyeti. Mwenyeji wako akiiona tu anajua umekuja kuomba kazi, anakujibu kwa upole kwamba kwa sasa nafasi hakuna, na yale uliyoyafuata hayasemwi tena. Nenda na daftari na kalamu. Zawadi usibebe, inamtia mtumishi wa umma mashakani.

Sasa maswali, maana hapa ndipo penye faida yote. “Kazi yako ikoje?” ni swali bovu. Litajibiwa “nzuri, tunamshukuru Mungu.” Uliza hivi: “Jana, tangu ulipofika hadi ulipotoka, ulifanya nini?” Afisa nyuki atakueleza habari za vikundi, safari za porini na ripoti za kuandika, wakati wewe ulikuwa unawaza mizinga peke yake. Mtaalamu wa maabara atakutajia usajili wa sampuli, uhakiki wa mashine na majibu yanayodaiwa na daktari. Kama mambo hayo hayakuvutii hata kidogo, umejua mapema, kabla ya kulipa ada ya chuo. Fuata na “Wale mliosoma darasa moja wako wapi leo?” Swali hili linazidi tangazo lolote la chuo, kwa kuwa linaonyesha wangapi walipata kazi ya fani yenyewe na wangapi wanafanya kitu kingine.

Kuhusu mshahara, usimuulize wake. Muulize anayeanza leo hupata kati ya ngapi na ngapi. Matangazo ya Ajira Portal, tovuti ya serikali ya kuombea kazi, mara nyingi huandika ngazi ya mshahara tu, kama TGS C, na aliye ndani anaweza kukueleza maana yake mfukoni. Uliza pia ni masomo gani ya kidato cha tano yanayofunga mlango ukiyakosa. Mwisho omba jina la mtu mwingine mmoja wa kuzungumza naye. Dakika 20 zikiisha simama, hata kama mazungumzo yamenoga. Akitaka kuendelea atakwambia ukae.

Mabinti, na wazazi wao, tuwaambie wazi: kutana na mtu mahali pake pa kazi, saa za kazi, ukiwa na ndugu au rafiki. Anayetaka mkutane gesti, au anayedai hela ya “koneksheni”, mwache hapo hapo na umwambie aliyekupa namba.

Jioni ileile tuma ujumbe wa shukrani, uandike uliyoyasikia yangali mabichi kichwani. Watu watatu wakitofautiana kwenye jambo linalokugusa, tuseme muda wa kusubiri ajira, tafuta wa nne uulize hilo tu. Na ukishachagua tahasusi, wajulishe wote uliowauliza, kwa sababu utawahitaji tena wakati wa kuomba chuo na nafasi ya mafunzo kwa vitendo.